Hatua Arobaini

Mtoto wa jicho walimtoa mwezi Machi,
dakika ishirini, nikarudi nyumbani kula.
Lakini hili doa la katikati, jicho la kulia,
hawana kisu chake.
Nikikikodolea kitu macho, kinatoweka.
Nikikipuuza kinarudi, kinakaa pembeni
kama paka aliyefukuzwa jikoni.

Basi leo nimo dukani mwa marehemu Normand Cyr,
ambamo binti yake Jolène huuza chambo, chumvi ya barabarani
na bunduki,
na mafuta ya kusafishia mitutu yananukia ndizi mbivu.

Mchagua jembe si mkulima, ndivyo wasemavyo.
Mimi nimelima kwa jembe moja miaka arobaini na sita:
ile ndefu ya baba, bunduki yenye darubini,
iliyovuka shamba la viazi la kina Daigle,
mita mia tatu, ikamlaza kulungu
kabla hajasikia mlio.
Nilijisifu, sikani.
Baa nzima ilizijua zile mita;
kila msimu ziliongezeka kidogo.

Jolène ananipa fupi,
mtutu wake kama mguu wa kiti,
kitako kimekwaruzwa na mtu aliyeiuza
apate kulipia meno ya bandia.
"Bega la kushoto, Ovila.
Wenzo huu haujali mkono.
Ile ya mzee wako ilijua kulia tu."

Naiweka kushoto. Najiona
kama mtu anayetia saini kwa mkono wa jirani.
Shavu halijui pa kulala.
Lakini jicho la kushoto,
lililofumbwa miaka yote hiyo
huku mwenzake akila sifa,
linafumbuka, linapenya kitundu cha nyuma,
linaukuta ushanga wa mbele,
umetulia.

Nyuma ya duka, sahani ya karatasi kwenye gunia la mchanga.
Hatua ishirini: risasi tano, zote ndani.
Arobaini: nne, na ya tano ikachana ukingo.
Sitini: Jolène akaenda kutazama,
akarudi anahesabu kamba za viatu vyake.
"Basi ni arobaini," nikasema,
na sauti ikatoka ya kawaida kabisa,
kama mtu anayetaja namba ya kiatu.

Délima akaupaka ushanga rangi yake ya kucha,
ile nyeupe ya harusi ya mpwa wetu,
ulimi nje, mkono hautetemeki.
Kisha nikamwomba uzi mwekundu wa sufu.
Hakuuliza wa nini.

Shamba la viazi nimewaachia wenye macho.
Mimi niko kwenye kinamasi, kati ya mierezi,
ambako bunduki ndefu ingenasa kila tawi
na mbali hakuna.
Nimeketi kwenye kisiki, kizibao changu cha chungwa kinapiga kelele,
na kuzunguka kisiki, kila upande, hatua arobaini,
nyuzi za Délima zimefungwa mitini.

Saa mbili na nusu asubuhi, theluji nyepesi.
Jicho bovu ndilo lililompata kwanza,
pembeni, kama ile paka.
Sikumgeukia. Nilimwacha awe.
Kisha polepole, na la kushoto: pembe,
shingo nene ya mwezi Novemba,
mvuke ukitoka puani.
Alikuwa nyuma ya uzi.
Hatua tatu tu.

Kidole kilikuwa kinajua kazi yake.
Nilikiweka nje ya kilinzi, pale kwenye chuma baridi,
tukangoja, mimi na kidole.
Akanusa uzi. Naapa, aliunusa.
Akageuka alikotoka,
na mierezi ikajifunga nyuma yake bila sauti.

Jioni kwenye baa Fernand akauliza, umbali gani?
Arobaini na tatu, nikamwambia.
Akangoja.
Arobaini na tatu, Fernand.
Na mwakani ukiniuliza
zitakuwa hizo hizo.